Mwenye Oda na Mwenye Mzigo

Tarehe 13 Machi 2025, siku ya Alhamisi, kampuni ya Alphamin Resources, ambayo huchimba bati katika kilima cha Bisie kilichomo wilayani Walikale, mashariki mwa Kongo, ilitoa tangazo fupi la kuwaarifu walimwengu kwamba imesimamisha kazi kwa muda na kuwaondoa watumishi wake mgodini, kwa kuwa wapiganaji wa kundi la waasi la M23, ambao mwezi Januari walikuwa wamekwisha kuutwaa mji wa Goma na mwezi Februari mji wa Bukavu, walikuwa wakizidi kusonga upande wa magharibi. Tangazo lenyewe halikuwa na maneno mengi, walakini lilitosha kulitikisa soko la madini la London, ambako bati huuzwa na kununuliwa kwa programu ya kompyuta iitwayo LMEselect. Kwani mgodi ule mmoja, uliozungukwa na msitu mnene na kufikiwa kwa barabara yenye taabu, ulikuwa umetoa tani 17,324 katika mwaka 2024, nazo ni kiasi cha tani sita katika kila tani mia za bati lichimbwalo duniani kote. Bei ikapanda kwa kishindo. Tarehe 19 mwezi ule ule M23 wakaingia Walikale mjini, mahali palipo kiasi cha kilomita 60 kutoka Bisie. Tarehe 22 wakatangaza kwamba watauacha mji, wakauacha kweli mwanzoni mwa Aprili. Na tarehe 9 Aprili kampuni ikatangaza kwamba itarudi kazini kwa hatua.

Katika majuma hayo machache walikuwapo watu wa namna mbili ambao riziki yao ilifungamana na bati la Walikale. Wa kwanza ni wale waliokaa mbele ya vioo vya kompyuta, London, Singapore na kwingineko, ambao hawajapata kuiona Bisie wala hawatarajii kuiona, lakini wana uwezo wa kununua, kuuza, kughairi na kujitoa kwa kubonyeza kidole. Wa pili ni wale walio karibu na bati lenyewe: mchimbaji, mpagazi, mama mwuza chakula kando ya njia ya kijiji cha Njingala, mchuuzi aliyekopeshwa fedha na nyumba ya ununuzi ya Goma ili akakusanye magunia, na hawa hawana pa kubonyeza. Magazeti huwaandika watu hawa katika kurasa mbalimbali, wa kwanza katika ukurasa wa fedha na wa pili katika ukurasa wa vita, hata msomaji akadhani kwamba hawana muamala baina yao. Rai yangu ni kwamba wamo katika daftari moja, na kwamba dhuluma iliyopo haitokani na kioo wala na programu, kama wengi wapendavyo kusema, ila yatokana na kutenganishwa kwa mambo mawili ambayo katika biashara ya haki hukaa kwa mtu mmoja, yaani uwezo wa kuweka oda na uzito wa kushika nafasi.

Ili tufahamiane, yafaa kwanza kueleza tofauti iliyopo baina ya mambo hayo. Oda ni kauli: ni mtu kuliambia soko kwamba yu tayari kununua au kuuza kiasi fulani kwa bei fulani, na maadamu kauli hiyo haijakutana na kauli ya mwingine aliye upande wa pili, haimgharimu kitu, naye aweza kuifuta apendapo. Nafasi ni kile kinachobaki baada ya kauli mbili kukutana. Ni dhima, ambayo hukua au hupungua kila bei inapotikisika, mwenyewe akiwa macho au amelala. Mkataba mmoja wa bati wa London ni tani tano. Aliyenunua mkataba huo, bei ikipanda dola 1,000 kwa tani amepata dola 5,000, ikishuka kiasi hicho amezipoteza, na mpaka auze tani tano nyingine hana njia ya kusema kwamba ametoka.

Programu za biashara ya namna hii, kwa hiyo, huweka madaftari mawili mbele ya mtumiaji. Katika daftari la oda huandikwa zile zinazosubiri, zilizotimizwa nusu, zilizotimizwa zote na zilizofutwa. Humo mna oda ya kununua kwa bei yoyote iliyopo, mna oda yenye kikomo, ambayo haikubali kuvuka bei iliyotajwa, na mna oda ya kuzuia hasara, ambayo hulala kimya mpaka bei ifike mahali pabaya palipoamuliwa mapema, ndipo iamke na kuuza. Katika daftari la nafasi huandikwa kiasi kilichoshikwa, wastani wa bei ya kuingilia, faida au hasara ya saa ile, na dhamana iliyowekwa kwa dalali. Mgeni hudhani madaftari haya ni kitu kimoja. Akifuta oda zake zote hujiona ameondoka sokoni, kumbe nafasi ingali wazi. Au hufunga nafasi akaisahau oda ya kuzuia hasara aliyoiacha nyuma, na siku mbili baadaye bei hupita pale pale, oda ile yatima huamka, na mtu aliyejihesabu hana kitu hujikuta ameuza asichokuwa nacho.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na shahidi mkubwa wa methali hiyo katika zama zetu ni kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa miongoni mwa madalali wakubwa wa hisa, ambayo asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012 iliwasha programu mpya bila kuiweka katika mtambo mmoja kati ya minane, na katika mtambo ule sehemu ya programu ya kale, iliyokuwa imeachwa kwa miaka, ikazinduka. Sehemu hiyo haikuwa tena na njia ya kujua kwamba oda zimekwisha kutimizwa: ilipeleka oda, oda ikatimizwa, nayo ikapeleka nyingine. Kwa muda wa dakika 45 oda 212 za wateja zilizaa miamala milioni nne, na kampuni ikajikuta imeshika nafasi za mabilioni ya dola ambazo hapana mtu aliyezikusudia. Kuzifunga kuligharimu zaidi ya dola milioni 440, na haukupita mwaka ila kampuni ile imekwisha kuunganishwa na nyingine. Waliosimama pale kutazama vioo walikuwa mabingwa wa kazi yao. Waliziona oda, hawakuiona dhima.

Turudi kwenye bati. Tuseme mtu alinunua mkataba mmoja mara baada ya tangazo la Alphamin, kwa hoja kwamba vita vitaendelea na mgodi utabaki umefungwa. Kwa siku nyingi alikuwa na haki: bei ilizidi kupanda, na mwanzoni mwa Aprili ikakaribia dola 38,000 kwa tani. Lakini tarehe 2 Aprili Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza ushuru juu ya bidhaa za takriban dunia nzima, masoko yakaanguka kwa pamoja, na baada ya siku chache, Bisie nayo ikijiandaa kurudi kazini, bati lilikuwa likiuzwa karibu na dola 30,000. Tofauti ya dola 8,000 kwa tani ni dola 40,000 kwa mkataba. M23 walikuwa wangali katika wilaya jirani ya Masisi, wangali Goma, wangali Bukavu. Hoja ya mnunuzi juu ya vita ilikuwa ingali kweli, na sehemu kubwa ya hasara yake ilitoka mahali ambapo vita haviko. Aliyekuwa ameweka oda ya kuzuia hasara alitoka mapema, ijapokuwa pengine si kwa bei aliyoitaja, kwa sababu oda ya namna hiyo haiahidi bei. LMEselect hufungwa saa moja jioni na kufunguliwa saa saba usiku kwa saa za London, na bei ikiruka katikati, oda huuza pale itakapopakuta. Hata hivyo alitoka. Alijua bei ya kila dakika, aliamua mapema ni kiasi gani yu radhi kupoteza, na mlango ulikuwapo.

Sasa mtazame mwenye mzigo. Mawe ya bati ya Bisie yalianza kuchimbwa kwa mikono, kabla ya mgodi wa kampuni, mnamo mwaka 2002, na kabla ya miaka mingi kupita kilima kile kilikuwa mji wa maturubai wenye maelfu ya watu. Magunia ya kilo 50 yalibebwa mgongoni katika njia ya msituni, yenye tope, mizizi na vizuizi vya kulipia, mpaka Njingala. Kutoka huko yakapelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara kuu yenyewe, kwa kuwa lami ile ndiyo iliyokuwa uwanja, zikayachukua mpaka Goma. Kikosi cha 85 cha Kanali Samy Matumo, kilichokuwa cha wanamgambo wa Mai-Mai kabla ya kuhesabiwa katika jeshi la taifa, kilikishika kilima kile mpaka mwaka 2009 kikijitwalia sehemu yake. Kilipoondoka, wakaja wengine wenye magwanda, na sehemu ikaendelea kutwaliwa. Kila kilichokwenda kilimani, kutoka maharagwe mpaka betri za tochi, kilipanda kwa mgongo wa mtu na kwa hiyo kiliuzwa kwa bei ya mgongo wa mtu.

Mchuuzi aliyenunua gunia kilimani alikuwa na nafasi kamili, sawasawa na yule wa London, tena yenye deni ndani yake, kwa sababu fedha aliyonunulia aghalabu ilikuwa ya mkopo wa nyumba ya ununuzi ya Goma. Kati ya siku aliyolipa na siku aliyopokewa gunia lake palikuwa na safari ndefu, na bei ya Goma ilikatwa kutoka bei ya London, ikipunguzwa ubora wa mawe, nauli ya ndege, kodi halali na kodi haramu. Mwezi Mei 2008 bei ya London ilipita dola 25,000 kwa tani. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa karibu dola 10,000. Aliyekuwa London aliuza akaenda zake. Aliyekuwa na magunia Njingala hakuwa na wa kumwuzia, maana ndege zilikuja kwa fedha ya wanunuzi na wanunuzi nao walikuwa wanangoja. Deni lake lilikuwa la bei ya zamani na mali yake ya bei mpya. Mimi sijui neno la upole la kuiita hali hiyo.

Ikafuata amri. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji na biashara yote ya madini ya mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, akitaja mtandao wa wenye silaha uliokuwa umeikamata biashara ile, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka Machi 2011. Madhumuni yalisifiwa na wengi, nami sina haja ya kuyabisha. Lakini kwa upande wa muamala, ile ilikuwa ni kufunga nafasi za watu wote kwa siku moja bila kutaja bei ya kuzifungia. Serikali haikununua magunia yaliyokuwa njiani. Deni la Goma halikufutwa. Wenye silaha, ambao hawakuwahi kuomba ruhusa ya kuchimba, hawakuhitaji ruhusa ya kuendelea.

Na kama kuna asemaye kwamba hayo ni mambo ya Kongo tu, kwa kuwa Kongo haina taratibu, namwomba asome habari za Baraza la Kimataifa la Bati, chombo kilichoundwa na serikali za nchi zizalishazo na nchi zinunuazo, Zaire ikiwemo, ili kuizuia bei isishuke chini ya sakafu iliyokubaliwa. Msimamizi wa akiba ya baraza hilo, Mholanzi Pieter de Koning, alikuwa na kazi moja katika maana yake, nayo ni kununua bati kila bei ilipoikaribia sakafu. Na kwa kuwa Brazil, isiyokuwa mwanachama, ilizidi kutoa bati jipya, naye alizidi kununua, kwanza kwa fedha taslimu, kisha kwa mikopo, kisha kwa mikataba ya siku za mbele ambayo juu ya karatasi haikuonekana kuwa mizigo. Ilikuwa oda ya kununua isiyokuwa na kikomo cha kiasi wala kizuizi cha hasara, na mwenye kuiweka hakuwa na mamlaka ya kuifuta. Tarehe 24 Oktoba 1985 alitamka kwamba fedha zimekwisha. Soko la London likafunga biashara ya bati kwa zaidi ya miaka mitatu, bei ikaanguka chini ya nusu, madalali wakabaki na madai ya mamia ya mamilioni ya pauni, na serikali zile zikasema kwamba deni ni la baraza, si lao. Mwaka 1989 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, iliyokuwa Baraza la Malodi, ikakubaliana nazo.

Huku kwetu deni lile lililipwa. Kampuni ya SOMINKI, iliyozaliwa mwaka 1976 kwa kuunganishwa makampuni ya Kibelgiji yaliyochimba bati na dhahabu Kivu na Maniema, ilianza kufifia tangu hapo: migodi ilifungwa mmoja mmoja, na vijana waliolelewa katika mishahara ya kampuni, mashule yake na hospitali zake, wakaingia mashimoni na sururu zao wenyewe. Uchimbaji wa mikono ulioitwa baadaye ghasia, na ambao juu yake zimeandikwa ripoti zisizohesabika, baba yake mmoja ni daftari la nafasi lililosimamiwa vibaya London. Sisemi kwamba ndiye baba wa pekee. Mobutu naye alikuwa amekwisha kuifungua milango ya uchimbaji huo tangu mwanzo wa miaka ya themanini, na uchumi wa Zaire haukuhitaji auni ya mtu kuanguka. Lakini nasaba hiyo haitajwi, na ingefaa itajwe.

Soko la London lenyewe lilionja amri ya namna yake. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraini, bei ya nikeli ilianza kuruka, na Xiang Guangda wa kampuni ya Kichina ya Tsingshan, aliyekuwa ameuza nikeli nyingi kwa kutarajia kushuka, akabanwa. Usiku wa kuamkia tarehe 8 bei ilipita dola 100,000 kwa tani. Mipaka ya bei iliyowekwa katika programu ili kuzuia oda za kichaa ilipanuliwa, kisha ikaondolewa, na waliokuwa zamu walikuwa watumishi wadogo wasiofundishwa la kufanya. Asubuhi wakubwa walisimamisha biashara na kuibatilisha miamala yote ya siku ile, ya thamani ya kiasi cha dola bilioni 12, kana kwamba haikutokea. Waliokuwa na faida katika miamala ile wakaenda mahakamani. Wakashindwa mwaka 2023, wakakata rufaa, wakashindwa tena mwaka 2024. Hata hivyo tarehe 20 Machi 2025 mamlaka ya fedha ya Uingereza ililitoza soko hilo faini ya zaidi ya pauni milioni tisa kwa uzembe wa usiku ule.

Msomaji aitazame tarehe hiyo: ni siku moja tu baada ya M23 kuingia Walikale. Sidai kwamba pana uhusiano, sadfa ni sadfa. Ila najiuliza, mfanya biashara wa London aliyefutiwa faida alipewa mahakama mbili, mawakili wa hali ya juu na mkaguzi aliyechunguza kila dakika ya usiku mmoja kwa miaka mitatu. Mchuuzi wa Njingala aliyefutiwa rasilmali mwaka 2010 alipewa nini?

Masisi ni habari nyingine. Milima ya Masisi, nchi ya malisho na jibini, ina koltani katika machimbo ya Rubaya, ambayo peke yake husemwa kutoa kiasi cha sehemu kumi na tano katika kila mia ya tantalamu ya dunia, madini yaingiayo katika simu na mitambo ya ndege. Lakini tantalamu haimo katika soko la London. Haina kioo, haina daftari la oda lililo wazi. Mnunuzi na mwuzaji hupatana kwa siri, na magazeti ya biashara hukusanya minong'ono yao na kuichapisha kuwa bei, kwa wale walipao ada ya kuisoma. Kama wachukiao vioo wangekuwa na haki, basi Masisi ingekuwa imesalimika. Haikusalimika. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda mara nyingi juu ya ile ya kawaida, watu wakaacha mashamba na malisho yakafukuliwa, na mwaka uliofuata ikaporomoka bila mtu wa Rubaya kuambiwa kwa nini. Baada ya M23 kuitwaa Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, mpango wa kuweka lebo za kuonyesha asili ya madini kwenye magunia ulisimamishwa wilayani, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba kundi hilo lilikuwa likikusanya kiasi cha dola 800,000 kwa mwezi katika kodi za koltani, huku tani zisizopungua 120 kwa mwezi zikivushwa kwenda Rwanda. Bei ya mchimbaji ni ile aambiwayo na anayemnunulia, naye hana hata jirani wa kumwuliza. Giza halijamkinga, limempa mnunuzi uhuru wa kusema lolote.

Wako ndugu zetu, hususan wa pwani, watakaopinga kwa hoja ya dini, ya kwamba kuuza usichokuwa nacho ni haramu na kwamba biashara ya kioo ni kamari. Hoja hiyo nina taadhima nayo, na sehemu kubwa ya biashara ile ni kamari kweli. Lakini mafakihi hao hao waliijuzisha salamu, yaani kulipa leo bidhaa itakayoletwa siku maalumu, kwa kipimo maalumu na bei iliyokatwa kabisa, kwa sababu waliona mkulima ana haja ya fedha kabla ya mavuno na ya kujua atapata kiasi gani. Misafara ya pembe iliyokwenda Manyema iliishi kwa kitu kilicho karibu na hicho: Taria Topan wa Unguja alimkopesha Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, bidhaa za kupandia bara, na pembe zilishuka baada ya miaka. Ile ilikuwa nafasi ya miaka kadhaa bila njia ya kutoka katikati, nayo ilibebwa na watu waliojua wanachokibeba, ukiwatoa wapagazi na watumwa, ambao hawakuulizwa. Desturi ya kumtoa mbebaji katika hesabu, basi, haikuletwa na kompyuta.

Juu ya vijana wa Goma, Nairobi na Dar es Salaam waliozipakua programu hizi katika simu zao, nina maneno machache tu. Mamlaka ya masoko ya Ulaya iliona mwaka 2018 kwamba kati ya akaunti mia za wateja wadogo wanaofanya biashara ya namna hii kwa mkopo wa dalali, kati ya 74 na 89 hupoteza fedha, nami sioni kwa nini Afrika iwe na bahati kuliko hiyo. Mwenye kuingia na aingie akijua kwanza mlango wa kutokea. Tena akumbuke kwamba mlango haumo katika simu peke yake: baada ya Goma kutwaliwa mwezi Januari 2025 mabenki ya mji yalifungwa, na Aprili M23 walipoifungua benki ya akiba ya CADECO kwa namna yao, palikuwa pameshapita miezi ambayo mtu angeweza kufunga nafasi yake kwa faida akakosa pa kuipokelea hata senti.

Lifaalo kufanywa si la ajabu. Mikataba ya mawe ya bati baina ya migodi mikubwa na wanunuzi huwa na kifungu cha kuchagua ni siku au mwezi gani bei ya London itatumika, na nyumba ya ununuzi yenye dalali huweza kujikinga kwa kuuza London kiasi kile kile ilichonunua huku, tani tano kwa tani tano. Mchimbaji wa pembeni mwa Mubi, huko Walikale, hawezi hilo, wala asidaiwe aliweze. Basi sheria ingeamuru kwamba bei ya gunia ikatwe siku linapotiwa lebo, iandikwe juu ya lebo pamoja na bei ya London ya siku ile na makato yote, na kuanzia hapo dhima ya kupanda na kushuka iwe ya yule mwenye uwezo wa kuweka oda, naye alipwe ujira wa haki kwa kuibeba. Wenye nyumba za ununuzi watalalamika kwamba gharama ni kubwa. Ni kubwa, nayo kwa miaka ishirini imekuwa ikilipwa na mtu asiyejua kwamba anailipa.

Hata mamlaka ya mahali ina nafasi katika bati, ijapokuwa sidhani kama kuna diwani aliyewahi kuihesabu hivyo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 huigawa mirabaha hivi: nusu kwa serikali kuu, robo kwa jimbo, sehemu 15 katika mia kwa mamlaka ya mahali penye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na mirabaha hukatwa kutoka thamani ya madini, ambayo hufuata bei ya London. Kwa hiyo sekta ya Wanianga, ambamo Bisie imo, hupanda na kushuka na LMEselect kwa hakika ile ile kama mfanya biashara wa Singapore, ila yeye hujua ameshika nini na sekta haijui. Bajeti ikiandikwa kwa bei ya dola 38,000, shule itaanza kujengwa na kuachwa bila bati la kuezekea. Iandikwe kwa dola 20,000, kiwango ambacho bei ilishuka chini yake mara ya mwisho mwaka 2022, na kila kinachozidi hapo kiwekwe katika akaunti nje ya vita, yenye sahihi zaidi ya moja, kabla mkutano wa kwanza haujakaa kujadili namna ya kukitumia.